Mto wa sufi, uliposhonwa kwa kipimo cha shingo

Tarehe 24 Mei 2023 dhoruba iliuangusha msufi mkubwa wa Freetown, na Sierra Leone ikaingia msibani. Mti ule ulikuwa na urefu wa mita 70 hivi na ulikisiwa kuwa na umri wa miaka 400. Mwaka 1792, watu weusi waliokuwa watumwa, wakaachwa huru na kusafiri kutoka Nova Scotia, walikusanyika chini yake kumshukuru Mungu. Ulichapwa hata kwenye noti za benki. Rais Julius Maada Bio alisema taifa limepata hasara kubwa.

Kwetu Tanzania misufi huangushwa kimya kimya. Barabara inapanuliwa au mtu anajenga fremu za maduka, msumeno unaunguruma siku moja, na mti uliojaza mito ya mtaa mzima unageuka kuni. Jambo hili linaniuma, kwa sababu pamoja na mti kinapotea kitu kisichouzwa dukani: mto ulioshonwa kwa kumtazama atakayeulalia.

Misitu ya pwani yetu ina msufi wake wa asili, msufi mwitu, ambao sufi yake ina rangi ya hudhurungi. Ule mwingine, wenye sufi nyeupe na matawi yaliyonyooka kwa ngazi, asili yake ni Amerika ya kitropiki na Afrika Magharibi. Wajerumani waliupanda kama zao la biashara, pamoja na mkonge na mpira, na sufi yake ilisafirishwa Ulaya hadi vita vya 1914 vilipovuruga mambo.

Mashamba yalipokufa miti haikufa nayo. Ilibaki mipakani, viwanjani na kando ya barabara, na mafundi wakaishi kwayo. Nimezungumza na mmoja wao huko Ngamiani, Tanga, mzee aliyerithi kazi kwa baba yake, na mengi ninayoyaeleza hapa nimeyachota kwake.

Kazi ilianza kiangazi, matunda yalipokauka na kupasuka mtini. Watoto waliokota, mama zao wakauza kwa gunia. Sufi ilichambuliwa ndani, madirisha yakiwa yamefungwa, kwa kuwa upepo kidogo tu ungeimaliza yote. Fundi alijifunga kitambaa puani, akaitia kwenye pipa na kuikoroga kwa fimbo. Mbegu za msufi hazikung'ang'ania kama za pamba. Zilishuka zenyewe chini ya pipa, na juu ikabaki nyeupe tupu. Kuacha mbegu ilikuwa aibu, maana panya huzifuata na kuutoboa mto. Kitambaa nacho kilichaguliwa kile cha mistari kilichofumwa kwa kubana, kwa sababu sufi hupenya penye nafasi yoyote.

Kabla ya kujaza, mteja aliulizwa analalaje. Anayelala ubavu alihitaji mto mnene wa kuziba nafasi kati ya bega na sikio, ili shingo inyooke sawa na uti wa mgongo. Mlala chali alijaziwa kiasi, kichwa kisije kikasukumwa mbele. Wa kifudifudi alipewa mwembamba kabisa. Kisha mteja alijilaza pale pale kwenye mkeka wa fundi, na fundi akamtazama shingo kwa pembeni. Upande mmoja wa mto ulishonwa kwa mkono, mishono mikubwa ya kufumuka kirahisi, kwa sababu sufi hushuka ikilaliwa. Baada ya wiki kadhaa mteja alirudi na mto wake kwapani, ukafumuliwa, akaongezwa konzi moja au akapunguziwa.

Nyumbani mto ulivishwa foronya iliyodariziwa maua na maneno "Lala salama", ukaanikwa juani kila mara ili sufi ifumuke upya.

Mzee huyu hailaumu sponji iliyochukua nafasi ya sufi. Anawalaumu mafundi wenzake. Anasema baadhi yao, sufi ilipoanza kuwa adimu, walichanganya pamba chafu na vipande vya nguo kutoka kwa mafundi cherehani, wakaweka sufi safi juu tu, pale mnunuzi anapobonyeza. Mto wa namna hiyo huwa mzito, hubumba mabonge ndani ya mwezi mmoja, na mteja huamka shingo imekaza. Ugomvi juu ya hila hiyo ulimtenganisha na rafiki yake waliyekuwa wakikaa kibaraza kimoja; hadi leo akiusimulia sauti inapanda. Kwa maoni yake, watu hawakuikimbia sufi, waliukimbia udanganyifu. Nami naona ana hoja.

Thamani ya sufi hii dunia iliwahi kuifahamu vizuri. Uzi wake ni mrija mtupu uliopakwa nta ya asili, hauingizi maji, na unaweza kuelea ukibeba takriban mara 30 ya uzito wake. Kwa hiyo ndiyo iliyojaza majaketi ya kuokolea maisha ya mabaharia, na sehemu kubwa ilitoka Java. Machi 1942 Japani iliiteka Java, na Marekani ikabaki na manowari baharini bila kitu cha kujazia majaketi. Wakageukia gugu la mashambani lenye utomvu mweupe, ambalo ganda lake hutoa nyuzi nyepesi zinazofanana na sufi. Mwaka 1944 watoto wa shule walitumwa kuchuma maganda hayo, wakilipwa senti 15 kwa gunia, 20 kama yamekaushwa. Waliambiwa magunia mawili yanaokoa maisha ya mtu mmoja. Kiwanda cha kuyasindika kilijengwa Petoskey, jimbo la Michigan. Nchi tajiri ilihangaika na magugu kwa kukosa kile ambacho hapa kiliokotwa chini ya mti.

Baada ya vita sponji ilishika kila mahali. Otto Bayer na wenzake walikuwa wamegundua kemia yake Ujerumani mwaka 1937. Miongo michache baadaye ilikuwa imeenea katika maduka yetu.

Sufi ina kasoro zake. Hushika moto upesi, haifai karibu na kibatari wala mshumaa, na asiyeuanika mto wake atalalia mabonge. Lakini mito mingi ya sokoni leo imekatwa kimo kimoja kwa mtu mnene na mwembamba, kwa mlala chali na mlala ubavu, na hakuna pa kuifumua. Tunanunua, tunaumwa shingo, tunanunua mwingine.

Naziomba halmashauri za Tanga na Pwani, zinapogawa miche wakati wa masika, zitie na msufi, upandwe mbali na nyumba na nyaya za umeme. Mti wa shambani huanza kuzaa ndani ya miaka michache tu, na ukishakomaa vizuri hutoa kilo 15 hadi 18 za sufi kwa mwaka. Mzee wa Ngamiani bado ana pipa na fimbo yake, na yuko tayari kufundisha vijana.