Teksi nchini Uganda: maana yake kwa anayeingia kupitia Vurra

Msafiri atokaye Aru, Kongo, akivuka mpaka wa Vurra hukuta magari yamebadili upande: Kongo hupita kulia, Uganda kushoto. Avukaye barabara kwa mazoea hutazama upande usio na gari, na hapo ndipo hatari ilipo.

Neno «teksi» nalo hupotosha. Nchini Uganda ni gari dogo la abiria 14, liitwalo matatu Kenya na daladala Tanzania. Kila mtu hulipia kiti chake, na dereva husubiri hadi lijae. Gari la kukodi peke yako huitwa «speshali». Kwa kawaida halina mita, hivyo bei hupatanwa kabla ya kupanda, na ni vyema kuuliza waziwazi: ni ya kichwa au ya gari zima? Ni shilingi au faranga?

Kuelekea Arua, iliyofanywa jiji mwaka 2020, wengi hupanda bodaboda, jina lililozaliwa mpaka mwingine, Busia, ambako waendesha baiskeli walivusha watu kati ya Kenya na Uganda. Kwa mujibu wa sheria, abiria naye huvaa kofia ngumu. Aiombe kabla pikipiki haijaondoka.