Kanisa Dogo la Shirati

Aghalabu tusomapo historia ya makanisa ya nchi zetu, twasimuliwa habari za wale walioleta mafundisho. Habari za wale walioyapokea hatuzisikii. Historia ya Kanisa la Mennonite la Shirati yatufunza kuwatazama wote pamoja.

Shirati ni mahali pa wakulima na wavuvi, mashariki ya Ziwa Victoria, upande wa Tanzania, karibu na mpaka wa Kenya. Wenyeji wake wengi ni Wajaluo. Mwaka 1934 walifika huko Elam Stauffer na John Mosemann pamoja na wake zao, kutoka Marekani. Madhehebu yao yalianza Ulaya katika karne ya 16, yakaitwa kwa jina la Menno Simons, padre Mholanzi aliyeacha upadre mwaka 1536. Wafuasi wake hukataa kushika silaha, hawabatizi watoto wachanga, nao hutawadhana miguu kama Yesu alivyowatawadha wanafunzi wake.

Wageni wale walijenga nyumba, kanisa na shule, wakatibu wagonjwa. Wenyeji wakaja, wakasoma, wakabatizwa. Lakini palikuwapo ukuta. Mzungu ndiye aliyekuwa na fedha na amri; Mwafrika alifuata. Ndugu hao waliweza kutawadhana miguu kanisani, kisha kila mmoja akarudi mezani pake.

Agosti 1942 uamsho uliokwisha kuenea Rwanda na Uganda ulizuka Shirati. Watu waliungama dhambi zao hadharani. Hata wamisionari walisimama wakaungama makosa yao mbele ya wenyeji. Hilo ndilo lililokuwa jambo geni. Maana kiongozi akikiri kosa mbele ya wale awaongozao, hawezi tena kujiweka juu yao kama zamani.

Hata hivyo, ukuta haukuanguka kwa siku moja. Wachungaji Waafrika wa kwanza waliwekewa mikono mwaka 1950, na kanisa likapata kujitegemea mwaka 1960. Zedekia Kisare, aliyeushuhudia uamsho ule, akawa askofu wa kwanza Mwafrika mwaka 1967, yaani baada ya miaka 25. Nao Wakristo wa Shirati walikuwa wamekwisha kuvuka mpaka kuwahubiria jamaa zao wa Kenya, na kanisa la huko likaandikishwa mwaka 1977.

Basi, msomaji, ukiuliza ni lini kanisa lile lilipokuwa la wenyeji, usitazame mwaka wa hati peke yake. Mwanzo wake ulikuwa siku ile mkubwa alipomwambia mdogo, "Nimekukosea."