"Jouer" na "Kupiga": Kifaransa cha Wanamuziki katika Historia ya Kiswahili cha Tanzania

1.0 Utangulizi

Mji wa Tunduma huzungumziwa zaidi katika habari za biashara. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilometa 1,860 na iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976, hupita hapo. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam nayo huvukia hapo kuingia Nakonde, huelekea ukanda wa shaba wa Zambia, na kupitia Kasumbalesa hufika Lubumbashi. Mkoa wa Songwe, ulioundwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya, ni mlango ambao shaba ya Katanga hupitia ikielekea bandarini. Katika foleni ya malori ya Tunduma, Mnyamwanga, Mnyiha na dereva wa Katanga huelewana kwa Kiswahili. Kifaransa, ambacho ni lugha rasmi ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hakihitajiki hapo.

Hata hivyo, kuna uwanja mmoja ambamo Kifaransa cha Kongo kiliingia Tanzania kikiwa lugha ya kazi, nao ni muziki wa dansi. Mhadhara huu unachunguza vifungu vya kawaida vya Kifaransa ambavyo mpiga muziki wa Kitanzania hukutana navyo anapofanya mazoezi na Mkongo. Hoja yake kuu ni kwamba ugumu wa vifungu hivyo hautokani na matamshi yake, bali na namna kila lugha ilivyoligawa tendo la kupiga muziki.

2.0 Usuli wa Kihistoria

Bendi za kwanza za dansi Tanganyika zilijiita kwa neno la Kimarekani, "jazz": Dar es Salaam Jazz Band katika miaka ya 1930, Morogoro Jazz na Western Jazz baadaye, na NUTA Jazz mwaka 1964. Kongo nayo ilikuwa na African Jazz ya Joseph Kabasele na OK Jazz iliyoundwa mwaka 1956. Lakini sambamba na "jazz", Wakongo walitumia pia neno la Kifaransa "orchestre". Wanamuziki wao walipohamia Tanzania kwa wingi katika miaka ya 1970, neno hilo lilikuja nao. Likatokea Orchestra Maquis du Zaire, Orchestra Fauvette na Orchestra Makassy, nalo likawa sehemu ya majina ya bendi za mjini.

Majina hayo yenyewe ni somo. "Maquis" ni vichaka vizito vya nchi za Mediterania, na tangu Vita Kuu ya Pili ni jina la wapiganaji wa msituni wa Ufaransa. "Fauvette" ni ndege mdogo mwimbaji. Maelfu ya wakazi wa Dar es Salaam walicheza chini ya majina hayo bila kuhitaji kujua maana zake, kwa kuwa jina la bendi lilikwisha kuwa na maana yake mpya ukumbini.

Wageni hao hawakuja wote kwa barabara ya Tunduma, wala hawakutoka mahali pamoja. Remmy Ongala, aliyezaliwa upande wa Kindu mwaka 1947, alijiunga na Makassy mwaka 1978. Wengine walitoka Katanga. Wengi wao walitoka katika maeneo ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya mjini. Kiswahili cha Lubumbashi, kilichokua pamoja na migodi ya Union Minière du Haut-Katanga iliyoundwa mwaka 1906, kimechukua maneno mengi ya Kifaransa, hasa katika hesabu, tarehe na ufundi. Kwa hiyo mpiga gitaa wa Katanga aliyefika Dar es Salaam aliweza kuzungumza na wenyeji tangu siku ya kwanza, lakini istilahi za kazi yake zilikuwa za Kifaransa, ilhali za wenyeji wake zilikuwa za Kiingereza.

3.0 Kitenzi Kimoja, Vitenzi Viwili

Swali la kwanza ambalo mpiga muziki huulizwa ni "Tu joues de quoi?", yaani "Unapiga chombo gani?" Mswahili anayejifunza huona kitenzi "jouer" na kukifasiri kuwa "kucheza". Tafsiri hiyo ni sahihi kwa mpira, lakini humpotosha kwa gitaa. Katika Kiswahili, kupiga ngoma na kucheza ngoma ni kazi za watu wawili tofauti: mmoja ameketi na chombo, mwingine yuko uwanjani. Kifaransa kina "danser" kwa huyo wa pili, na humtaja wa kwanza kwa kitenzi kilekile cha mchezaji mpira.

Kinachotenganisha maana katika Kifaransa ni kihusishi. Husemwa "jouer de la guitare" na "jouer du tambour" kwa ala, lakini "jouer au ballon" kwa mchezo. Kazi ambayo Kiswahili huifanya kwa kubadili kitenzi, Kifaransa huifanya kwa kubadili neno dogo linalokifuata. Mwanafunzi anayekariri kitenzi peke yake amekariri nusu ya kifungu.

Lingala, lugha kuu ya muziki wa Kongo, iko upande wa Kiswahili katika jambo hili. Kitenzi chake "kobeta", chenye maana ya kupiga, ndicho hutumika kwa gitaa, na "kobina" kwa kucheza dansi. Mkongo na Mtanzania, kila mmoja akifikiri kwa lugha yake ya Kibantu, walikuwa wamekwisha kukubaliana kabla Kifaransa hakijaingia kati yao.

4.0 "Do" Ipi?

Mgogoro mkubwa zaidi uko katika majina ya sauti. Mkoa wa Songwe una historia ndefu ya kwaya. Misheni ya Wamoravian ilianzishwa Mbozi mwishoni mwa karne ya 19, na uimbaji wa sauti nne umeenea makanisani. Kwaya nyingi za Tanzania husoma kwa mfumo wa solfa ulioenezwa na John Curwen wa Uingereza katika karne ya 19. Katika mfumo huo "do" ni sauti ya msingi ya wimbo wowote: wimbo ukipandishwa, "do" nayo hupanda. Sauti ya saba huitwa "ti".

Katika mfumo wa Kifaransa, "do" haihami. Ni sauti ileile ambayo Waingereza huiita C, na ya saba huitwa "si". Wimbo ukiwa katika ufunguo wa G, mwanakwaya huiita sauti yake ya msingi "do", na mpiga gitaa aliyefunzwa kwa Kifaransa huiita "sol". Kiongozi akisema "on commence en do", kwa mwanakwaya maneno hayo karibu hayana habari, kwani kila wimbo kwake una "do" yake. Kwa Mkongo ni amri kamili. Hapa neno limefanana kwa sauti na asili, likatofautiana kwa maana. Wanaisimu huliita neno la namna hii rafiki wa uongo.

Rafiki mwingine wa namna hiyo ni "batterie". Kwa Mtanzania, betri huwasha redio. Kwa mwanamuziki wa Kifaransa, "la batterie" ni seti ya ngoma ambayo Kiswahili huiita dramu. Kwa upande mwingine, "doucement" humfaa Mswahili. Humwambia mpigaji apunguze kasi au apunguze sauti, na neno "polepole" nalo hubeba maana zote mbili. "On reprend" (tunarudia), "plus vite" (haraka zaidi) na "c'est à toi" (zamu yako) havina mtego. Neno "répétition" lina somo ndani yake: kwa Mfaransa mazoezi ni kurudia, kwa Mswahili ni kuzoea.

5.0 Kilichobaki

Pamoja na ukaribu huo wote, Kifaransa hakikuacha maneno mengi katika Kiswahili cha bendi za Tanzania. Gitaa la besi, dramu na kodi za gitaa vimetokana na Kiingereza. Sababu ni mbili. Kwanza, vyombo na mafunzo ya wenyeji vilikwisha kupata majina. Pili, wageni walikuwa na Kiswahili tayari, na hadhira ilitaka maneno inayoyaelewa. Nyimbo za Ongala na Super Matimila zilipendwa kwa ujumbe wake wa Kiswahili. Lugha hukopa inapopungukiwa, hapa haikupungukiwa.

6.0 Hitimisho

Tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, haja ya Kifaransa cha kazi imeongezeka, na vifungu vya mazoezini ni mahali pazuri pa kuanzia, mradi vifundishwe kwa kulinganishwa na Kiswahili. Lakini kuna kazi ya haraka zaidi. Ndala Kasheba alifariki mwaka 2004, Remmy Ongala mwaka 2010, King Kikii mwaka 2024. Kizazi kilichofanya mazoezi kwa "do" mbili katika chumba kimoja kinaondoka. Kamusi zetu zimeandika lugha ya mashairi yao kwa kiasi fulani. Lugha waliyoamrishana nayo kabla ya wimbo kuanza bado haijaandikwa. Mwanafunzi wa Kiswahili aliye Tunduma, Dar es Salaam au Lubumbashi ana wazee wachache waliobaki wa kuwauliza, na mgagaa na upwa hali wali mkavu.