Almasi haitokani na makaa ya mawe, wadau

Wadau, kuna stori moja tunapeana tangu shuleni: eti makaa ya mawe yakikandamizwa sana yanageuka almasi. Stori tamu, ila si kweli. Makaa ya mawe ni mabaki ya mimea. Almasi nyingi zina umri wa miaka bilioni 1 hadi 3.5, wakati mimea ya nchi kavu ilianza kama miaka milioni 470 tu iliyopita. Mjukuu hawezi kumzaa babu.

ZINATENGENEZWA WAPI?
Almasi ni kaboni. Nyingi huundwa kilomita 150 hadi 200 chini ya mabara ya kale, kwenye joto la kama nyuzi 900 hadi 1,300 za Sentigredi na mgandamizo unaozidi mara 45,000 ule wa hewa tunayovuta. Kaboni hiyo hiyo ikikosa mgandamizo huo inakuwa grafaiti, yaani ile "risasi" ya penseli.

ZINAFIKAJE JUU?
Zinabebwa na uji wa volkano uitwao kimbalaiti. Lazima upande haraka, la sivyo almasi zinaharibika njiani. Ukipoa, unaacha bomba la mwamba lenye umbo la karoti. Bomba la Mwadui, Shinyanga, lina kama hekta 146 kwa juu, moja ya makubwa kabisa yaliyowahi kuchimbwa duniani. John Williamson, mjiolojia kutoka Canada, aliligundua mwaka 1940. Mwaka 1947 ikapatikana humo almasi ya pinki ya karati 54.5, akazawadiwa Princess Elizabeth wa Uingereza kwa harusi yake. Na vilima vya Igwisi, magharibi mwa Tanzania, ndiyo kimbalaiti changa kuliko zote zinazojulikana: vililipuka kama miaka 12,000 iliyopita. Jana tu hiyo!

"UCHAFU" WENYE FAIDA
Sonara anataka jiwe safi. Mwanasayansi anataka lenye vidoa. Mwaka 2014 Graham Pearson na wenzake walitangaza kuwa kijialmasi cha Juína, Brazil, kisicho na thamani sokoni, kilikuwa na punje ya ringwudaiti, madini ya zaidi ya kilomita 500 chini. Punje ile ilikuwa na maji zaidi ya asilimia 1 ya uzito wake. Si bahari ya kuogelea, ni maji yaliyofungwa ndani ya jiwe lenyewe.

KWA WACHIMBAJI WADOGO
Watafiti hufuata ganeti za rangi ya zambarau na ilmenaiti nyeusi kwenye mchanga wa mito, wakipanda nazo hadi kwenye bomba. Lakini angalieni: kimbalaiti nyingi hazina almasi za kutosha kulipa gharama, na ganeti zinatoka pia kwenye miamba mingine kibao. Mtu akikuonyesha ganeti na kukwambia "shamba hili lina almasi, lete hela", usiuze ng'ombe. Dai kwanza majibu ya maabara.

Wenye uzoefu wa Maganzo na Mwadui, karibuni mtuongezee.