Salamu zilivyomezwa na ujumbe mfupi Kanda ya Ziwa

MSUKUMA akikutana na mwenzake asubuhi huanza na "mwangaluka". Jua likishapinduka huwa ni "mwadila". Yatafuata maswali ya nyumbani, ya watoto, ya mvua na ya mifugo, na kila swali lina jibu lake. Haja iliyomleta mtu hutajwa mwisho.

Barua za Kiswahili nazo zilikuwa na mlango wa namna hiyo. Mwandishi aliyekuwa Mwanza mjini akimwandikia nduguye wa Ukerewe alianza kwa kueleza kuwa yeye ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwake aliye mbali.

Ujumbe mfupi wa maandishi ulikuja na kipimo. Mwaka 1985 Mjerumani Friedhelm Hillebrand, mmoja wa waliobuni mfumo huo, aliridhika kwamba alama 160, nafasi zikiwemo, zinatosha kubeba maneno ya kawaida ya mtu. Sentensi kama "Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako uliye mbali nami" peke yake hula alama 64. Ajabu ni kwamba ujumbe wa kwanza kabisa, uliotumwa Uingereza Desemba 3, 1992, haukuwa na lolote ila salamu za Krismasi.

Simu za mkononi zilipoenea nchini baada ya mwaka 2000, vocha ilikuwa mzigo kwa mtu wa kawaida. Aliyekuwa na salio dogo alibipu, na aliyekuwa na neno aliliandika. Mchuuzi wa mwaloni wa Kirumba aliuliza bei ya dagaa kisiwani kwa maneno mawili na kujibiwa kwa tarakimu. Kwa biashara hiyo ilikuwa neema, maana awali habari ilisafiri kwa mwendo wa mtumbwi.

Vitufe navyo viliamua tahajia. Kwenye simu za wakati huo, herufi "s" ilihitaji kubonyezwa mara nne, na "x" mara mbili tu. Kuandika "sasa" kulitaka mibonyezo kumi, "xaxa" sita. "Sijui" ikawa "cjui". Walimu walilalamika, pengine kwa haki, lakini vijana wale hawakuwa wavivu kama ilivyodhaniwa. Walikuwa wakibana matumizi ya vidole na ya vocha.

Hasara kubwa iko kwingine. "Sawa" iliyotamkwa hujulikana kama ni ya ridhaa, ya hasira au ya dharau; iliyoandikwa humwachia msomaji kazi ya kubashiri, na ugomvi wa ndugu umeanzia hapo mara nyingi. Pole ya msiba iliyotumwa kwa simu hupokewa, lakini haihesabiwi sawa na kwenda kuketi na wafiwa. Kwa upande mwingine, wenye haya walipata ujasiri wa kusema yaliyowashinda ana kwa ana, na viziwi wanaojua kusoma wakapata simu iliyo yao.

Kisha fedha zikaingia kwenye simu. Huduma ya M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, na haikupita muda mrefu wakazuka matapeli na maneno yao mashuhuri: "Ile pesa itume kwenye namba hii." Ujumbe huo hauna salamu, hauna jina, hauelezi ni pesa ipi. Ukitumwa kwa watu wengi, haukosi kumkuta mzazi anayetaka kulipa ada au mnunuzi anayedaiwa shehena ya samaki. Naye hushuku nini, ikiwa hata mwanawe humwandikia vivyo hivyo?

Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 ililazimisha laini kusajiliwa, na kuanzia Januari 20, 2020 zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa. Utapeli haukwisha. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, hupokea taarifa za jumbe hizo kupitia namba 15040, na kwa kubonyeza *106# mtu huweza kujua kama kitambulisho chake kimesajiliwa laini asizozijua.

Kabla ya kutuma fedha, ni heri kumpigia mhusika kwa namba yake ya zamani na kumsalimu kwanza. Tapeli anaweza kuwa na jina la mjomba. "Mwadila" ya mjomba ni vigumu kuiiga.