Habari za Kunguru wa Bara Hindi na Akili Yake

Watu wa pwani husema, "Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake." Wanafunzi wetu hulidhani neno "hukimbiza" kuwa ni kufukuza, hapa maana yake ni kuponya kwa kukimbia. Methali hiyo ni ya kale, nayo yamhusu kunguru mwenyeji, yule mkubwa mwenye kifua cheupe. Huyu aliyejaa katika miji ya pwani leo ni mgeni: umbo lake dogo kidogo, mwili mweusi, shingo ya kijivu. Kwao ni Bara Hindi. Mombasa wengine humwita kurabu. Walakini methali yamfaa mgeni kuliko mwenyeji.

Hakuja kwa nguvu zake, aliitwa. Yapata mwaka 1891 Sir Gerald Portal, Balozi wa Kiingereza katika Unguja, alitaka kunguru waletwe wapate kula takataka za mji, kama walivyofanya kwao bila mshahara. Shauri lilionekana jema, lakini mtumishi huyu hakujua mpaka wa kazi yake. Alipotoka jalalani alifuata vifaranga vya kuku, kisha mayai na makinda katika viota vya mnana na chozi. Kufikia mwaka 1917 watu wa Unguja walikuwa wamekwisha kumhesabu mharibifu. Mwaka 1947 alionekana Mombasa, na baadaye akaijaza Dar es Salaam pia.

Kwao Bara Hindi yuko ndege aitwaye koeli, wa ukoo mmoja na kekeo. Dume humchokoza kunguru mpaka amfukuze, na huku nyuma jike hutaga yai lake katika kiota. Kunguru arudipo hulilalia, kisha hulisha kinda la mwingine kwa bidii yote. Ajabu ya ndege mwerevu kudanganywa nyumbani mwake! Lakini koeli hakuletwa huku pamoja naye.

Wanadamu nao wamejaribu. Wakitega mtego wa tundu kubwa, wa kwanza huingia. Wenziwe wakiona mateso yake hupiga kelele, na kwa siku nyingi hawapakaribii mahali pale. Mtu aliyewatupia mawe hukumbukwa. Hayo si maneno ya barazani tu, kwa maana kunguru wa Marekani, jamaa zake, walipimwa. Mwaka 2006 wataalamu wa chuo kikuu cha Washington, katika mji wa Seattle, walivaa kinyago kimoja wakawanasa kunguru saba, wakawaachilia. Tangu hapo aliyepita amevaa kinyago kile alizomewa, na miaka ilivyozidi wazomeaji waliongezeka, hata kunguru ambao hawakunaswa kamwe. Aliyevaa kinyago kingine alipita salama. Basi walifundishana; nasi walimu twajua kazi hiyo ilivyo ngumu.

Kwa sababu hiyo wenye kuwapunguza walilazimika kutafuta sumu isiyowashtua. Iko moja iitwayo Starlicide. Kwanza huwekwa nyama safi siku kadhaa mahali pamoja, mpaka kunguru wazoee na kuitana. Ndipo nyama yenye sumu huwekwa. Walaji huruka zao wazima, kisha hufa baada ya saa nyingi, mbali na chakula, mara nyingi katika miti walalamo. Waliobaki huona maiti, lakini hawana njia ya kuijua nyama kuwa ndiyo iliyoua. Sumu kali iuayo papo hapo ingewafunza siku ile ile.

Mwaka 2024 serikali ya Kenya ilitangaza nia ya kuwaua milioni moja kabla ya mwaka kwisha. Idadi hiyo itoshe kuonyesha jinsi wageni wa Unguja walivyozaana. Na yule mwenye kifua cheupe, mwenye methali yake, amesukumwa nje ya miji mingi ya pwani. Amtakaye sasa humpata kwa urahisi zaidi bara.