Asili ya Swali la Kusahihisha Sentensi: Kiima na Kitenzi katika Kiingereza

Miongoni mwa maswali yanayowashinda watahiniwa wa Kiingereza, wenyeji na wageni sawasawa, limo moja ambalo kwa sura ni dogo kuliko mengi. Mtahiniwa huletewa sentensi kama hii, "The box of mangoes are on the table", akaambiwa atafute kosa. Kosa ni "are". Kilichopo mezani ni sanduku, nalo ni moja; maembe yamekuja kati kwa kulifuata tu. Swali hili hudhaniwa kuwa ni zao la mitihani ya siku hizi. Nasaba yake ni ndefu zaidi, na mwenye kuifuata huona kwamba kanuni inayopimwa haikuwa kanuni siku zote wala mahali pote.

Kiingereza cha kale kilikuwa na miisho mingi ya vitenzi. Nafsi ya pili ya umoja ilikuwa na mwisho wake, ya tatu wake, na wingi wake. Miisho hiyo ilipukutika karne kwa karne, hata katika wakati uliopo ikabaki herufi moja, "s" ya nafsi ya tatu umoja, pamoja na maumbo machache ya kitenzi cha kuwa. Na "s" hiyo yenyewe haikuwa ya London. Ilitoka kaskazini, ambako huonekana katika maandiko ya karne ya 10. Kusini walisema "-eth", na Biblia iliyotolewa mwaka 1611 iliishikilia "-eth" hiyo ingawa katika mazungumzo watu wengi walikuwa wamekwisha kuiacha. Tena, huko kaskazini "s" haikuwa alama ya umoja peke yake. Kitenzi kilichofuata jina la wingi kiliichukua vilevile, kikaivua pale tu kilipopakana na kiwakilishi kama "they". Wasemaji hao hawakukosea. Walikuwa na kanuni yao, ila siyo hii ya mitihani.

Ajabu zaidi ni habari ya "you". Neno hilo lilikuwa la wingi. Lilipotwaa mahali pa "thou" katika kumwambia mtu mmoja, watu wengi wa karne ya 18, hata waliosoma, walisema "you was" kwa mmoja na "you were" kwa wengi. Kwa maoni yangu hiyo ilikuwa hekima: lugha ilijishonea palipochanika. Lakini Robert Lowth, kasisi ambaye baadaye alikuwa askofu wa London, aliilaani katika kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1762, nayo ikafukuzwa katika maandishi ya heshima. Lowth huyo hakuokota mifano ya makosa kwa watoto wa shule. Aliitoa katika vitabu vya waandishi wakubwa, Swift na Addison wakiwamo, akaipanga chini ya kurasa zake.

Kabla yake kidogo, Ann Fisher wa Newcastle alikuwa amekwisha kuwapa wanafunzi sentensi mbovu wazisahihishe. Aliyeieneza kazi hiyo hasa ni Lindley Murray, mwanasheria wa Marekani aliyehamia karibu na York. Sarufi yake ya mwaka 1795 aliiandika kwa ajili ya shule ya wasichana, na mwaka 1797 akaifuatisha kwa kitabu cha mazoezi, chenye sentensi zilizoharibiwa kwa makusudi. Vitabu vyake vilichapwa tena na tena pande zote mbili za Atlantiki. Hapo ndipo kosa lilipokuwa kitu cha kutengenezwa, lisingojewe litokee lenyewe.

Mitihani ya Marekani ya karne ya 20 ilizidisha hila. GMAT, wa kuingilia masomo ya juu ya biashara, ulipigia mstari sehemu ya sentensi na kutoa majibu matano, la kwanza likirudia maneno yale yale bila badiliko. Mtungaji alijua pa kutegea: kati ya kiima na kitenzi alipenyeza majina ya wingi, mawili au matatu, hata kiima kikasahauliwa.

Mwaka 1991 wanasaikolojia Kathryn Bock na Carol Miller walichapisha utafiti juu ya mtego huu. Waliwapa wasemaji wa Kiingereza mianzo ya sentensi, mfano wa "ufunguo wa makabati", ili waimalizie. Wenyeji wenyewe walinaswa: wingi wa makabati uliwavuta. Kiima kilipokuwa cha wingi na jina la kati likawa la umoja, mvuto huo haukuonekana.

Sasa itazame sentensi yetu, "ufunguo wa makabati umepotea". Neno "wa" limekwisha kuitaja ngeli ya ufunguo kabla kitenzi hakijafika. Kiingereza hapo kina neno bubu, lisilobadilika kwa umoja wala wingi. Basi mwalimu anayemwandikia Mswahili pembeni mwa karatasi kwamba hajui upatanisho amemdhulumu. Mtoto huyo amelelewa nao. Asichokizoea ni kuukumbuka pasipo ishara. Na wako waliozaliwa ndani ya Kiingereza wasioitumia "s" hiyo kabisa, kama wasemaji wa lahaja ya Norfolk, na wengi miongoni mwa Wamarekani Weusi. Hao huhukumiwa kwa lugha ya mama zao.

Toleo jipya la GMAT, lililoanza Novemba 2023, liliiacha sehemu ya kusahihisha sentensi, na toleo la zamani likakoma Januari 2024. SAT, mtihani wa kuingilia vyuo ulioanza mwaka 1926, ungali unauliza kiima na kitenzi.